Shajara ya rejeta ya sega: Rolls-Royce 40/50 ya mwaka 1914

9 Januari

Rejeta imeletwa leo asubuhi, imefungwa kwa mablanketi mawili na kamba. Tumeishusha watu wawili hadi mezani. Ni ya Rolls-Royce 40/50, gari ambalo wengi wanaliita Silver Ghost. Hili ni la mwaka 1914, na mwenyewe analiendesha barabarani, hajaliweka la kutazamwa. Shida yake ni moja: gari linachemsha. Kwenye tambarare halina neno. Likianza kupanda mlima, mvuke unafoka kwenye kifuniko na maji yanakimbia kwa bomba la kumwagia ziada.

Ufundi wa rejeta nilifundishwa na mjomba wangu Tanga, kwenye kibanda chenye pipa la maji, jiko la mkaa na pasi mbili za kulehemia. Sasa nafanya kazi Birmingham, Uingereza. Naandika kazi hii siku kwa siku kwa sababu vijana wa nyumbani huniuliza habari za rejeta za zamani, na sijapata andiko la Kiswahili la kuwapa. Rejeta hizi zinastahili kuandikwa.

10 Januari

Sijafungua kitu bado. Kwanza kupima.

Nimeisimamisha wima, nikaziba mdomo wa chini, nikajaza, kisha nikazibua huku namimina kwa juu ili tangi la juu lisipungue. Lita 20 zimepita kwa dakika 1 na sekunde 40. Hiyo ni lita 12 kwa dakika, tena maji yametoka na rangi ya chai.

Je, lita 12 zinatosha? Nifanye hesabu hapa ili ifuatike. Injini ya gari hili ina silinda 6 na ujazo wa lita 7.4. Likipanda mlima kwa mzigo, nakadiria kilowati 40 za joto zinaingia kwenye maji. Kilo moja ya maji hubeba kilojuli 4.18 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Nikitaka maji yapoe nyuzi 10 tu kati ya tangi la juu na la chini, nahitaji karibu lita 57 kwa dakika. Rejeta hii inapitisha chini ya robo ya hizo.

Nimechungulia na taa kwenye mdomo wa juu. Ndani kuna ukoko mweupe wa chokaa. Gari limekaa London miaka mingi, na maji ya London ni magumu. Sisi hapa Birmingham tunakunywa maji laini yanayoletwa kwa mfereji kutoka bonde la Elan kule Wales tangu mwaka 1904, kwa hiyo birika zetu hazijengi ukoko. Rejeta ikijazwa maji magumu hupata ugonjwa uleule wa birika, na njia ya maji humu ndani ni milimita moja tu.

12 Januari

Kwa wasiowahi kuiona rejeta ya sega: sahau rejeta ya lori. Kwenye ya lori, maji yanapita ndani ya mirija na upepo unapita nje, kati ya mapezi. Kwenye sega ni kinyume. Mirija mifupi ya shaba imelazwa kuelekea mbele, maelfu, kama vijiti vya kiberiti ndani ya boksi. Upepo unapita ndani ya mirija. Maji yanateremka nje yake, kwenye mianya. Kila mrija umepanuliwa ncha zote mbili kuwa pembesita, hivyo ncha zikikaa pamoja zinagusana kabisa bila tundu, na katikati, mrija unapobaki wa duara, unabaki mwanya wa maji. Halafu uso wa mbele na wa nyuma unachovywa kwenye lehemu, ncha zinashikana. Ukiitazama kwa mbele unaona sega la nyuki.

Mrija mmoja ukivuja, unaziba ncha zake mbili kwa tone la lehemu na safari inaendelea. Nilihesabu leo: hii ina mirija 61 iliyozibwa na mafundi waliotangulia.

15 Januari

Mwenye gari amepiga simu. Ameshauriwa na jamaa yake kwamba niweke kiini cha kisasa cha mirija bapa na mapezi nyuma ya ganda la zamani: bei nusu, na gari litapoa vizuri. Nimemjibu kwa heshima kwamba ni kweli litapoa, tena kwa kiini chepesi zaidi. Lakini nimemsihi asifanye hivyo.

Sababu yangu ni hii. Kwenye magari ya siku hizi uso wa gari ni urembo, rejeta yenyewe imefichwa nyuma ya plastiki. Kwenye magari haya ya awali ya kifahari hakuna kilichofichwa. Unachokitazama mbele ya gari ndicho kinachofanya kazi. Ukitoa sega, umelitoa gari sura yake, maana sura na kazi ni chombo kimoja.

Na chombo hicho kilizaliwa kwa shida ya kweli. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 halikuwa na rejeta. Maji yalichemka, yakaenda zake kama mvuke, dereva akaongeza mengine. Kwa injini isiyofika nguvu farasi moja, inawezekana, maana ni kama lita moja kwa saa. Nimepiga hesabu ya injini hii ya mezani kwangu kwa njia hiyohiyo: ingekausha lita moja kila dakika. Nani angebeba mapipa hayo kwenda Scotland?

Aliyekata mzizi wa tatizo ni Wilhelm Maybach, mhandisi wa kampuni ya magari ya Daimler, kule Cannstatt, Ujerumani. Mercedes ya nguvu farasi 35, iliyokabidhiwa kwa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeliagiza gari hilo, mwishoni mwa Desemba 1900, ilikuwa na rejeta yake ya sega yenye mirija 8,070 ya miraba, kila mmoja milimita 6 kwa 6. Maji yaliyohitajika yalishuka kutoka lita 18 za gari lililotangulia hadi 9. Nyuma ya sega aliweka feni, ili gari lipoe hata likienda pole. Machi 1901 magari hayo yalitamba kwenye wiki ya mashindano ya Nice, Ufaransa, na baada ya hapo wengi waliotaka kujenga gari la maana walilijenga na rejeta mbele. Maybach alikuwa anapunguza uzito wa maji. Sura ya gari ilikuja humohumo.

17 Januari

Mwenye gari amekubali sega. Nimefurahi mno.

18 Januari

Nimelivua ganda. Ni la ile aloi inayoitwa fedha ya Kijerumani, ambayo ni shaba, nikeli na zinki, haina fedha hata chembe. Vipande vimekatwa kwa mkono, vimelehemiwa kwenye kingo zake kali, na juu lina lile paa la pembetatu kama hekalu la Wagiriki ambalo Rolls-Royce wamekuwa nalo tangu siku zao za kwanza.

Upande wa kulia nilipouwekea rula ya chuma, rula iligusa katikati, na mwanga ukapita kwenye ncha zake zote mbili, mwembamba kama uzi. Haukunyooka, umetuna kidogo sana, na umetunishwa makusudi. Bapa lililonyooka kabisa, likisuguliwa ling'ae, jicho huliona limebonyea katikati. Wagiriki waliijua siri hii kwenye nguzo zao, na mafundi wa Rolls-Royce waliifanya kwa jicho na nyundo.

Upande wa kushoto, rula imelala bila mwanga popote. Kuna mtu aliwahi kuutengeneza baada ya ajali, akadhani ule mtuno ni kasoro, akaunyoosha. Ndiyo maana tangu rejeta ilipofika nilikuwa naiona kama imebonyea shavu upande mmoja bila kujua kwa nini.

Ndani ya ganda, chini ya lehemu ya zamani, nimekuta herufi mbili zimekwaruzwa kwa ncha kali. Fundi aliyelitengeneza aliacha alama yake mahali ambapo fundi mwenzake tu ndiye angepaona. Nimesafisha kuzunguka herufi hizo kwa kidole na kitambaa, sikuzigusa kwa msasa.

24 Januari

Mirija imefika: shaba ya njano, kipenyo milimita 7, urefu milimita 90. Nahitaji 4,860. Nikipanua ncha kuwa pembesita ya milimita 8, mwanya wa maji unakuwa milimita 1 kama ulivyokuwa. Eneo la shaba litakaloguswa na upepo ni mita za mraba 9 na nusu, chumba kizima cha kulala kimekunjwa ndani ya rejeta moja. Na theluthi mbili ya uso wa mbele ni matundu, kwa hiyo upepo haukwami.

Mrija wa kwanza ulipasuka ncha nilipoupanua. Wa pili vilevile. Shaba iliyovutwa kiwandani huwa ngumu. Nikazima taa za karakana, nikachoma ncha ya wa tatu kwa tochi ya gesi hadi ikatoa wekundu hafifu, ule unaoonekana gizani tu, nikauacha upoe. Ukapanuka kama ngozi. Basi yote itachomwa ncha kabla ya kupanuliwa.

31 Januari

Ncha 9,720. Zimekwisha. Mkono wa kulia umevimba kidogo kwenye kifundo.

2 Februari

Kabla ya sega kubwa nimefanya dogo la majaribio, mirija 20 kwa 20. Nimeibana kwenye fremu ya chuma, nikapaka dawa ya kulehemia, nikachovya uso milimita 4 kwenye sufuria ya lehemu, bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Uso umetoka mzuri, unang'aa, kila pembe imejaa.

Halafu nikalikata kwa msumeno katikati, maana uzuri wa nje hauniambii kitu. Lehemu ilikuwa imepanda milimita 9 ndani. Sehemu nyingine ilikuwa imepita kwenye ncha na kuziba mwanya kabisa, ukuta mzima wa lehemu. Ningelehemu sega kubwa hivyo, ningekuwa nimetengeneza jiwe zuri tu, lisilopitisha maji.

5 Februari

Nimeelewa kosa. Dawa niliipaka kwa brashi, ikatiririka ndani zaidi ya ilivyotakiwa, na lehemu huifuata dawa popote ilipo. Pia sufuria ilikuwa na moto kupita kiasi. Leo dawa nimeitia kwenye trei, kina cha milimita 3, nikachovya uso humo tu. Lehemu nimeishusha joto mpaka ikawa nzito kidogo. Nimekata tena: milimita 3 hadi 4, sawasawa kote. Mwanya uko wazi.

Kipande hicho nimekiweka dirishani. Yeyote atakayekuja kujifunza hapa nitamwonyesha vyote viwili, kibaya na kizuri.

12 Februari

Sega kubwa limelehemiwa nyuso zote mbili. Tumelichovya watu wanne, mmoja kila pembe, mimi nahesabu kwa sauti. Hakuna aliyesema neno mpaka lilipopoa.

13 Februari

Nimeliunga na tangi la juu na la chini, nikaziba midomo, nikalitia upepo kidogo na kulizamisha kwenye beseni kubwa. Mapovu sehemu saba. Saba kati ya viungo 9,720 si haba. Nimeziweka alama kwa chaki ya nta na kuzifunga kwa pasi moja baada ya nyingine. Kulizamisha mara ya pili, povu moja. Mara ya tatu, maji yametulia tuli.

Kisha kipimo cha siku ya kwanza: lita 20 kwa sekunde 19. Ni lita 63 kwa dakika, na nilihitaji 57.

22 Februari

Wiki hii yote ni ganda. Upande wa kushoto nimeurudishia mtuno wake kwa nyundo ya ngozi ngumu juu ya mfuko wa mchanga, pigo jepesi, pigo jepesi, natazama, naacha. Rula haitoshi kwa kazi hii. Ninachotumia ni ile taa ndefu ya darini. Nalisimamisha ganda na kuitazama taa ndani ya mng'ao wake huku nasogea hatua moja moja. Pale ambapo bapa ni sawa, mstari wa taa unateleza bila kutetereka. Pale penye kasoro, mstari unajikunja kama mjusi. Jana jioni ulikuwa unajikunja sehemu mbili. Leo saa tisa alasiri umepita kutoka chini hadi juu bila kukatika, na shavu lililobonyea limetoweka. Nimeita wenzangu waje kuona.

1 Machi

Tumeifunga garini. Hatukuibana kwa nguvu kwenye shasi. Shasi za enzi hizo ndefu hujipinda barabara ikiwa mbovu, na rejeta ikibanwa bila kupewa nafasi ya kuchezacheza, viungo vya lehemu ndivyo vinavyolipa. Tumeikalisha juu ya pedi, boliti zimekazwa kiasi.

3 Machi

Limechemsha.

Tulipanda kilima cha Lickey, kusini mwa mji, mwenye gari akiendesha, mimi kando yake na vipimajoto viwili, kimoja tangi la juu, kimoja la chini. Nusu ya kilima juu kulisoma 98. Nilishikwa na huzuni ambayo siwezi kuieleza vizuri. Tumerudi polepole. Yeye hakunilaumu, na kwa hilo namshukuru.

4 Machi

Sikulala sawasawa. Nilidhani nimeziba mianya wakati wa kuchovya na kipimo changu kimenidanganya. Kabla ya kuvua chochote nimempigia mjomba. Hapa ilikuwa saa nne asubuhi, Tanga saa saba mchana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako si nzima."

Nikamweleza yote. Mjomba hajawahi kuona Rolls-Royce. Alichowahi kuona ni malori yanayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, barabara ya makona inayoishia juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ambako maji huchemka yakifika kama nyuzi 95 tu. Amezifungua rejeta za barabara ile miaka arobaini. Akaniuliza swali moja: "Juu kulikuwa na moto gani, na chini?"

"Juu 98. Chini 61."

Akanyamaza kidogo. "Sasa rejeta imekosa nini hapo? Imepoza maji mpaka 61. Maji hayatembei, mwanangu. Tazama mpira wa chini."

Nilikuwa na tarakimu hizo mkononi tangu jana na sikuzisoma. Tofauti ya nyuzi 37 maana yake ni lita 15 na ushei tu kwa dakika. Sega lilikuwa linafanya kazi yake barabara, likisubiri maji yasiyokuja.

4 Machi, jioni

Gari hili lina pampu ya maji inayovuta kutoka tangi la chini. Zamani kati ya tangi na pampu hukaa bomba la shaba lenye viungo vifupi vya mpira. Fundi mmoja wa zamani aliliondoa bomba, akaweka mpira mmoja mrefu. Kwa nje mpira ni mzima, mgumu, hata ukiuminya hauna dalili. Nimeuchana kwa kisu kwa urefu. Tabaka la ndani limebanduka upande mmoja, limekuwa ulimi. Injini ikienda pole, ulimi umelala na maji yanapita. Injini ikipandishwa, pampu inavuta kwa nguvu, ulimi unanyanyuka na kuziba koo. Ndiyo maana kwenye tambarare gari halikuwa na neno.

Mwenye rejeta ya lori na mwenye rejeta ya hekalu la Wagiriki, wote wasikie: kabla ya kulaumu rejeta, pima juu na chini. Tofauti ikiwa kubwa sana, maji hayatembei. Joto likiwa juu kote kuwili na tofauti ni ndogo, hapo ndipo pa kuangalia upepo, feni, au sega lenyewe. Na kwenye magari haya angalia pia wenzo wa moto wa plagi pale kwenye usukani. Ukiachwa nyuma mno, cheche inachelewa na joto linaishia kwenye maji.

8 Machi

Nimekunja bomba jipya la shaba kwa kufuata umbo la kipande cha zamani alichokuwa nacho mwenye gari kwenye boksi. Viungo viwili vya mpira, kila kimoja urefu wa vidole vinne.

10 Machi

Lickey tena. Asubuhi ya baridi, barabara imekauka. Mwenye gari hakupunguza, alipanda kilima chote kwa mwendo mmoja, na injini ile haina kelele, unasikia upepo na matairi tu. Kileleni: juu 82, chini 72. Nyuzi 10, kama karatasi ya tarehe 10 Januari ilivyotaka. Tumegeuza, tumepanda mara ya pili na ya tatu. Haikuvuka 84.

Tuliposimama, nilienda mbele ya gari nikaweka kiganja karibu na sega. Hewa iliyokuwa inaingia ilikuwa ya baridi kali. Nyuma, chini ya boneti, feni ilikuwa inasukuma joto kama la mdomo wa tanuri. Kati ya vitu hivyo viwili kuna sentimita 9 za shaba.

Nimempigia mjomba kutoka palepale kilimani. Alitaka kwanza kujua gari lina rangi gani.

12 Machi

Gari limeondoka. Mwenyewe atalijaza maji ya mvua aliyoyachuja, amenunua pipa la kukingia, na majira ya baridi atatia dawa ya kuzuia kuganda.

Imebaki mirija 40, yote imechomwa na kupanuliwa. Nimeitia kwenye kopo pamoja na kile chuma cha kupanulia pembesita, na karatasi yenye vipimo: kipenyo 7, pembesita 8, urefu 90, dawa milimita 3. Kopo liko rafu ya juu, upande wa dirisha, jirani na vile vipande viwili vilivyokatwa.